Mwanangu Amesomea Lugha: Je, Atafaa Kufundisha?

Huku kwetu nyanda za juu za Kasulu na Kibondo mzazi ampelekaye mtoto chuo kikuu hatoi maneno matupu. Hutoa magunia ya maharage, hutoa mbuzi, na mara nyingi hutoa ng'ombe. Mjomba huongeza kidogo, shangazi huongeza kidogo. Ndiyo maana mtoto akirudi na shahada yake, ukoo mzima hukusanyika kumsikiliza, maana kila mmoja ana sehemu yake katika shahada ile.

Tuseme basi mtoto huyo ni binti yako. Ameshuka basi pale Kasulu, na pikipiki imemfikisha Kitanga jioni. Amekwisha kula, ameamkia wazee wote. Ndipo babu yake auliza: "Mjukuu wangu, huko ulikokaa miaka mitatu ulisomea nini?"

"Nimesomea isimu, babu."

"Isimu ndiyo nini?"

"Ni elimu ya lugha, babu. Jinsi watu wanavyosema, na jinsi wanavyojifunza lugha isiyo yao."

Babu acheka. "Lugha! Kwani ulipoondoka hapa ulikuwa bubu?"

Watu wote wacheka. Lakini baba hacheki. Naye binti aongeza kwa sauti ndogo: "Nataka kuwa mwalimu, baba." Hapo baba atazama zizi lake, aona mahali alipokuwa akilala yule ng'ombe, naye awaza: kama ni ualimu tu, mbona majirani wameupata kwa gharama ndogo zaidi?

Ndugu msomaji, swali la baba huyo ni swali la haki, nalo lastahili jibu. Je, elimu ya lugha yamfaa mwalimu? Na aliyeisoma, yampasa kufanya nini ili awe mwalimu kweli? Tuyaangalie mambo haya mawili kwa utaratibu.

MITO MIWILI YA MTOTO WETU

Kwanza tumwangalie mtoto wa kwetu. Nyumbani amelelewa kwa Kiha. Kwa Kiha ameitwa jina lake, amebembelezwa, amekaripiwa, amesimuliwa hadithi. Anapofika shule ya msingi akuta Kiswahili, maana tangu miaka ya 1967 na 1968 hiyo ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini mwetu. Huo ni mto wa kwanza. Akivuka salama na kufika sekondari, akuta mto wa pili: huko masomo hufundishwa kwa Kiingereza.

Mtoto wa mjini, ambaye amenyonya Kiswahili pamoja na maziwa, huvuka mto mmoja tu. Mtoto wa Kitanga huvuka miwili, tena mtihani ni ule ule. Wengi hawafiki ng'ambo. Si kwamba hawana akili. Ni kwamba hawakupata mtu wa kuwaonyesha kivuko.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Clive Criper na William Dodd, walitoa taarifa yao juu ya Kiingereza katika shule za Tanzania. Waliona kwamba Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari kilikuwa hafifu mno, hata hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Yaani mwanafunzi alikuwa akikaa katika somo la jiografia, macho yake ubaoni, asielewe. Tangu mwaka 2002 wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Profesa Martha Qorro, waliungana na wenzao wa Afrika Kusini na Norway katika mradi ulioitwa LOITASA, wakachunguza hasa lugha ya kufundishia. Ubishi juu ya Kiswahili na Kiingereza sekondari haujaisha hata leo.

Na ule mto wa kwanza pia umeonekana. Kuanzia mwaka 2014 mpango ulioitwa EQUIP-Tanzania ulifanya kazi kwa miaka kadhaa katika mikoa kadhaa, na Kigoma ulikuwamo. Mpango huo ulikuwa na mafunzo ya muda mfupi kwa watoto ambao walikuwa karibu kuanza shule na nyumbani hawasemi Kiswahili. Waliwafundisha kwa hadithi, nyimbo na michezo, na waliofundisha walikuwa watu wa vijiji vile vile. Waona basi, msomaji, kwamba wakubwa wenyewe wamekiri: mtoto asiyeelewa lugha ya darasa haanzi mahali pamoja na wenzake.

ISIMU YAONA NINI?

Sasa turudi kwa binti yako. Katika isimu kuna sehemu inayoshughulikia kazi za kila siku: kufundisha lugha, kutafsiri, kutunga kamusi na mitihani. Huiita isimu tumizi. Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko Uskoti, kilianzisha idara ya elimu hiyo mwaka 1957, na walimu wa nchi nyingi walikwenda huko kusoma.

Mmoja wa wataalamu wa Edinburgh aliitwa Pit Corder. Mwaka 1967 aliandika makala fupi iliyobadili mawazo ya walimu wengi. Alisema kwamba makosa ya mtu anayejifunza lugha si takataka za kufagiwa. Makosa hayo yaonyesha mwanafunzi amefika wapi, na kanuni gani ameijenga kichwani mwake. Mwalimu mwenye busara huyasoma makosa kama mwindaji anavyosoma nyayo.

Fikiri mfano huu. Mtoto wa darasa la kwanza amwambia mwalimu, "Nataka kura." Darasa lote lacheka, maana kura ni ya uchaguzi, naye alitaka kula. Mwalimu asiyejua atamkaripia. Kesho mtoto yule atakuwa na njaa na hatasema neno. Lakini mwalimu aliyesoma isimu atajua mara moja: lugha za kwetu hazitenganishi l na r kama Kiswahili kinavyofanya. Sikio la mtoto halijapata kuzisikia kama sauti mbili. Kumchapa hakutamsaidia, sawasawa na kumchapa mtu asiyeona mbali. Dawa ni mazoezi ya sikio kwanza, kisha ya ulimi: kula na kura, mahali na mahari, wakichezea maneno kama mchezo hadi sikio lifunguke.

Tena angalia hili. Mwenye kusema Kiha husema gukora, yaani kufanya kazi, lakini husema kubhona, yaani kuona. Kwa nini huku gu- na kule ku-? Wewe hukufundishwa na mtu, walakini hukosei hata siku moja. Iko kanuni: sauti k ikifuatwa na silabi yenye sauti kavu kama k, t, s au h, hulainika ikawa g. Ndiyo maana sisi husema Kiha tunapozungumza Kiswahili, na wenyewe nyumbani husema Giha. Wataalamu huiita Kanuni ya Dahl, kwa jina la Edmund Dahl, mmisionari wa Kimoraviani aliyekaa kwa majirani zetu Unyamwezi. Basi mtoto akiteleza darasani akasema "gitabu" badala ya kitabu, hakufanya ujinga. Ametii sheria ya lugha ya mama yake, sheria iliyo sahihi kabisa kule nyumbani. Kazi ya mwalimu ni kumwambia: "Mwanangu, kule sheria ni ile, na huku sheria ni hii." Mtoto akielezwa hivyo haoni haya, bali huona kwamba ana lugha mbili.

Na katika mto wa pili ni vivyo hivyo. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza asimulia habari za mama yake kwa Kiingereza, naye kila mara amwita "he" kana kwamba mama ni mwanamume. Wenzake wacheka. Lakini wewe fikiri: kwa Kiha na kwa Kiswahili, mama ni "yeye" na baba ni "yeye". Lugha zetu hazikuona haja ya kutenganisha. Kiingereza chatenganisha: "he" kwa mwanamume na "she" kwa mwanamke. Mwalimu anayelijua jambo hili hupanga somo lake kabla kosa halijaota mizizi.

LUGHA YETU IMEKWISHA KUCHUNGUZWA

Pengine utasema, "Kiha ni lugha ya nyumbani tu, hakina mambo ya kusomewa." La, ndugu. Mwaka 1992 Hiroshi Nakagawa, mtu wa Japani, alichapisha kitabu cha msamiati wa Kiha. Mwaka 2004 Lotta Harjula wa Ufini alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiha, pamoja na masimulizi na maneno yake. Na mwaka 2009 Mradi wa Lugha za Tanzania, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa atlasi ya lugha za nchi hii, na Kiha kimo.

Watu walitoka Japani na Ufini wakasikiliza jinsi mama zetu wanavyopandisha na kushusha sauti. Maana Kiha ni lugha ya toni: maneno mawili yaweza kuandikwa sawa, lakini ukiinua sauti mahali pengine maana imekuwa nyingine. Jaribuni jioni hii nyumbani, mtapata mifano mingi wala hamtahitaji kitabu. Je, ni ajabu binti wa Kitanga akijifunza yale ambayo mgeni ameona yanafaa kujifunza? Yeye ana faida ambayo wageni hawakuwa nayo: sikio lake ni la hapa hapa.

Wazee wengi wa Afrika Mashariki wakumbuka jinsi shule nyingine zilivyomvika mtoto kibao shingoni kwa sababu amesema lugha ya kwao. Mwandishi wa Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, ameyaandika mateso hayo yalivyokuwa katika utoto wake. Kibao kile hakikumfundisha mtoto Kiingereza. Kilimfundisha kumwonea haya mama yake.

KUJUA SI KUFUNDISHA

Lakini sasa, wasomaji, tuseme na upande wa pili, maana haifai kumsifu binti kupita kiasi. Mwenye shahada ya isimu bado si mwalimu. Ajua mti, hajajua kuchonga.

Mfikirie siku yake ya kwanza darasani. Mbele yake wako watoto wengi, wamebanana kwenye madawati. Naye ageukia ubao na kuandika: fonimu, mofimu, sintaksia. Aeleza kwa bidii dakika arobaini. Watoto wamtazama kama wanavyotazama ndege ipitayo juu. Kengele yalia. Hakuna aliyejifunza kitu, na mwenyewe atoka jasho limemlowa. Kosa lake ni lipi? Amewapa watoto vyombo vya fundi badala ya kuwatengenezea kiti. Isimu yapasa kukaa kichwani mwa mwalimu, impangie mifano na mazoezi. Mwanafunzi ampe tu kile kilichopikwa kikaiva.

Kwa hiyo yapo mambo ambayo binti yako hana budi kuyafanya, na wewe mzazi wafaa kuyajua usije ukadhani anapoteza wakati.

La kwanza, mtazame shahada yake ni ya namna gani. Wako waliosoma lugha pamoja na elimu, yaani ualimu umo ndani ya shahada yenyewe, na mazoezi ya kufundisha wamekwisha kuyafanya. Hao njia yao ni fupi. Wako waliosoma isimu peke yake. Hao hawana budi kuongeza masomo ya ualimu, kwa kawaida Stashahada ya Uzamili katika Elimu. Masomo hayo yatolewa na vyuo kadhaa, kikiwamo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho humwezesha mtu kusoma huku akiendelea na kazi zake. Huko atajifunza saikolojia ya mtoto, kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, kutunga mtihani, na kutengeneza zana. Tena ualimu sasa watambuliwa kuwa taaluma yenye chombo chake: sheria ya mwaka 2018 iliunda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu.

La pili, akumbuke kwamba katika ratiba ya shule hakuna kipindi kiitwacho isimu. Kuna Kiswahili na kuna Kiingereza. Katika Kiswahili kuna sarufi, ndiyo, lakini kuna na fasihi, ufahamu na utungaji. Aliyekimbia mashairi na riwaya chuoni itambidi ayarudie. Na mkuu wa shule humpenda mwalimu awezaye kushika masomo mawili.

La tatu, akae na mwalimu mkongwe. Hapa kwetu wako walimu ambao hawakuona mlango wa chuo kikuu, lakini wamefundisha kusoma watoto wa vizazi viwili. Akiingia shule kwa majivuno ya shahada, hatapata kitu kwao. Akiketi nyuma ya darasa lao na daftari lake, atajifunza jinsi ya kunyamazisha watoto bila kupaza sauti, jinsi ya kumtambua mtoto aliyekuja na njaa, na saa ya kuacha somo na kuimba wimbo. Mambo hayo hayamo katika vitabu vya isimu.

La nne, asubiri kwa kazi, asisubiri kwa kulala. Ajira ya serikali yaweza kuchukua muda mrefu, na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Katika muda huo aweza kujitolea katika shule ya karibu, akaandika katika daftari makosa anayoyasikia kila siku: nani amesema nini, na kwa nini. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa mali. Na ninyi wazazi msimcheke akitoka asubuhi na kurudi bila mshahara. Mpeni chakula na maneno mema.

MTOTO WA BUTIAMA

Kama bado unauona ualimu kuwa ni kazi ya kushusha msomi, kumbuka habari za mtoto mmoja wa Butiama. Alizaliwa mwaka 1922, na nyumbani kwao walisema Kizanaki, lugha ya watu wachache kuliko sisi Waha. Mwaka 1934, akiwa na miaka kama kumi na miwili, alianza shule ya Mwisenge huko Musoma, na huko akauvuka mto wa kwanza, Kiswahili. Akauvuka wa pili katika shule ya Tabora, kisha akasomea ualimu Makerere.

Kuanzia 1946 alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, mji ule ule tuliokwisha kuutaja, akarudi mwaka 1952 na shahada. Watu wangaliweza kumtazamia aketi ofisini. Yeye alikwenda Pugu, akashika chaki. Alifundisha huko mpaka mwaka 1955, alipoacha kwa ajili ya kazi ya siasa. Baadaye, akiwa mkuu wa nchi nzima, alitafsiri kwa Kiswahili michezo miwili ya Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Na katika vyeo vyote alivyopata, jina alilobaki nalo mpaka leo ni Mwalimu. Julius Nyerere hakusomea isimu, lakini aliishi mambo yake yote: lugha tatu kichwani, na moyo wa kumvusha mwingine.

TURUDI BARAZANI

Basi, baba, wewe ambaye bado unatazama zizi. Ng'ombe wako hakupotea. Amegeuka kuwa sikio. Binti yako sasa aweza kusikia katika kosa la mtoto jambo ambalo wengine hawalisikii. Ukimzuia, sikio hilo litakwenda kukaa mjini katika kazi nyingine, na mtoto wa jirani yako ataendelea kusema "kura" na kuchekwa, mpaka siku atakapoamua kunyamaza. Mtoto akinyamaza darasani, huo ndio mwanzo wa kuacha shule.

Wala usimsukume kwa pupa. Mpe nafasi amalizie mafunzo ya ualimu, maana shahada peke yake haitamwongoza darasani. Mwambie awaheshimu walimu wakongwe. Mwambie asisahau Kiha. Na jioni moja, watoto wakiwa wamezunguka moto, mwombe awaulize vitendawili, kwa Kiha kwanza, kisha kwa Kiswahili. Wewe kaa pembeni usikilize. Ukisikia mtoto amekosea neno, naye binti yako hakucheka wala hakukaripia, bali alilirudia neno lile polepole mpaka mtoto akalipata, hapo utakuwa umepata jibu la swali la babu.